Umeme Uliobaki

Saa tano kasoro, Jumanne, ng'ambo ya Pongwe.
Nimezima. Kufuli jekundu liko kwenye swichi kuu,
funguo zimo mfukoni mwangu, pamoja na karanga.
Korona imenyamaza. Maji bado yanadondoka ngomani,
tone, halafu kimya, halafu tone.

Meneja Shekivuli kasimama mlangoni.
Haingii, anavionea huruma viatu vyake.
"Fundi Mwanakombo, trela tatu za majani ziko juani."
Naziona. Mkonge ukishakatwa hauna subira,
utomvu hukauka, singa zikang'ang'ania nyama.
"Si umeshazima? Sasa unangoja nini?"

Nangoja umeme uliobaki.

Nimwelezeje? Hili sanduku la kijivu
lililoshushwa juzi, kimo cha mtoto wa darasa la pili,
kazi yake ni kuifunza mota kuamka taratibu,
isikurupuke kama zamani na kukata mikanda.
Lakini lina tumbo, na tumboni mna kepasita,
nazo huweka akiba kama mama lishe
anavyofunga noti kwenye pindo la kanga:
ukizima, zenyewe bado zina chenji.
Volti mia tano na sitini.
Hazina taa, hazina mlio, hazina harufu.

Semng'indo alizigusa dakika ya pili.
Tulisoma wote VETA. Alikuwa ananisimulia
mechi ya Coastal, goli la dakika za nyongeza,
na sentensi ile haijamalizika mpaka leo.
Yu hai. Anauza vocha Ngamiani,
anahesabu chenji kwa mkono wa kushoto.
Sijawahi kumuuliza lile goli lilifungwaje.

Aliyeumwa na nyoka hushtushwa na kamba,
nasi hapa kazi yetu ndiyo kamba.

Kibwana, mwanafunzi wangu, hanitazami.
Kebo ya mota ina koti la shaba;
nilimwambia alibane kiunoni, pande zote,
yeye kalisokota mkia, kaufunga kwa skrubu moja.
Tulipowasha, namba za spidi zikarukaruka
kama senene juu ya kikaango.
Ndiyo maana tunafungua tena.
"R, S, T?" namuuliza, dakika zipite.
"Mlango wa kuingilia."
"U, V, W?"
"Wa kutokea, kwenda kwenye mota."
"Na ukiingiza umeme kwa mlango wa kutokea?"
"Tunanunua jingine."
"Kwa mshahara wa nani?"
Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Ndani ya mlango wa paneli, kwa wino mzito,
nimemwandikia yeyote atakayekuja baada yangu:

Kono lisitangulie, acha mita iulize,
Moto ndani utulie, fundi usijipumbaze,
Funguo uzikalie, hata bosi ahimize,
Nyumbani ukarudie, mkono usibakize.

Dakika ya kumi. Naipima mita kwanza
kwenye soketi iliyo hai, nijue haidanganyi.
Kisha natoa kifuniko, glavu mkononi,
nchani mwa waya mwekundu na mweusi
nauliza palepale penye akiba.

Arobaini na nne.

Kibao kimeandika dakika kumi. Kibao kiliandikwa
mahali penye baridi, na mtu asiyeijua
chumvi ya Tanga, wala vumbi la katani
linaloziba feni na kulala juu ya kila kitu.
Naondoa mita. Naketi juu ya ndoo.
Nampa Kibwana karanga.

"Bado?" anauliza Meneja Shekivuli.
"Bado."

Nje, dereva wa trela amezima injini.
Majani yananukia ule ukali wake wa kijani,
na hasara inapanda, hilo silikatai.

Meneja anatazama saa yake.
Mimi natazama mkono ulioivaa.